Usijibu Kama Wakili, Jibu Kama Shahidi

Wewe uliyeko Karema unayeanua dagaa kabla umande haujashuka, wewe wa Inyonga na asali yako, wewe wa Usevya, wa Mishamo, wa Katumba, na wewe uliyeko hapa Mpanda mjini, Makanyagio au Kawajense, unayenisikiliza huku unasonga ugali: karibuni tuketi. Vuta kigoda, tuzungumze.

Wiki mbili zilizopita binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, alirudi kutoka shule, akatua begi, akakaa. Chakula hakukigusa. Nikamwuliza, kulikoni mama? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, leo mwenzangu kaniuliza, eti ninyi watu wa Katumba, huko mlikotoka, ndio mliouawa au ndio mlioua?"

Hebu lisikie tena swali hilo. Ndio mliouawa, au ndio mlioua?

Mtoto huyu kazaliwa hapa hapa Mpanda. Burundi, walikotoka babu na bibi yake, hajaiona hata kupitia dirisha la basi. Kirundi anakisikia asubuhi tu, bibi yake anapoomba. Na mimi baba mzima nilimjibu nini? Nilimwambia, "Waambie wewe ni Mtanzania, mambo hayo hayakuhusu." Halafu nikaongeza sauti ya redio. Naam, redio hii hii unayoisikiliza.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijua sijamjibu mtoto, nimemnyamazisha tu.

Basi jioni ya leo tuyaangalie mambo matatu. Kwanza, swali hili limefikaje Katavi. Pili, kwa nini majibu tuliyoyazoea hayatoshi. Na tatu, anayeulizwa ajibu vipi, na anayeuliza aulize vipi. Lakini neno langu kuu nalisema mapema, ili hata ukiitwa nje kufunga mbuzi uwe umeshalibeba: ukiulizwa habari za vita vya kwenu, usijibu kama wakili, jibu kama shahidi. Tutalirudia.

Tuanze na la kwanza. Wazee wa hapa wanalijua, lakini vijana wengi wanalisikia vipande vipande.

Tarehe 29 Aprili 1972, siku ya Jumamosi, waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi, huko Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya ziwa letu hili hili la Tanganyika. Waliua Watutsi, wakiwemo raia wasio na silaha. Hilo lilitokea. Kisha serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu, na haikuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wachungaji, hata wanafunzi waliochukuliwa madarasani. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Na hilo nalo lilitokea. Warundi wenyewe wanakiita kipindi kile Ikiza, yaani balaa, pigo lisilo na mfano.

Waliopona walikimbia. Wengine walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wengine walipita milimani kwa miguu, wakaingia Kigoma. Mwaka 1973 jeshi la Burundi likavuka mpaka na kushambulia vijiji vya upande wetu, na Watanzania pia wakafa. Kwa hiyo kuwaweka wakimbizi mbali na mpaka kukawa suala la usalama kwa kila mtu. Katika miaka hiyo yakaja makazi ya Ulyankulu kule Tabora, Katumba hapa kwetu kando ya reli, na mwaka 1978 Mishamo. Wazazi wetu walipewa jembe, shoka na pori la miombo. Mbung'o wakawang'ata, lakini walilima. Mahindi, maharage, mihogo na tumbaku vikatoka. Wewe wa Mpanda mjini uliyekula maharage miaka ya themanini, jua kwamba mengi yalitoka Katumba.

Nami nilizaliwa Katumba mwaka 1974. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Shuleni tulifundishwa Kiswahili na historia ya Tanzania, na jioni motoni tulifundishwa historia nyingine.

Miaka ikaenda. Mwaka 2007 serikali ilituuliza sisi watu wa 72: mnarudi kwenu, au mnaomba uraia? Takribani mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki wakaomba. Zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa, ingawa vyeti vyenyewe tulivipata mwaka 2014, baada ya kusubiri hata tukadhani tumesahauliwa. Ndipo tukaitwa raia wapya. Baba yangu hakufikia siku hiyo. Alifariki mwaka 2009, kwenye karatasi akiwa bado mkimbizi.

Sasa niulize: cheti cha uraia kinafuta swali? Hakifuti. Cheti kinajibu swali la askari kizuizini. Swali la mtoto mezani ni jingine kabisa.

Ndugu msikilizaji, hapo tumemaliza la kwanza. Tuingie la pili: kwa nini majibu tuliyoyazoea hayatoshi.

Sisi tulikuwa na majibu mawili. La kwanza ni kulikana swali. La pili ni kulijibu kwa hotuba.

Kati ya mwaka 1985 na 1986 alikuja Mishamo mtafiti kutoka Finland, mwanamama aitwaye Liisa Malkki. Alikaa na watu, akawasikiliza, kisha akaenda Kigoma mjini kuwasikiliza Warundi waliokuwa wakiishi huko mitaani. Mwaka 1995 akatoa kitabu kinachojulikana sana kwa wanaosoma habari za wakimbizi duniani. Alichokikuta kinatuhusu jioni hii. Mishamo, alikuta watu wanasimulia historia yao kila siku, kwa mpangilio mmoja, mtu baada ya mtu, kama somo lililokaririwa. Kigoma mjini alikuta watu waliochanganyika na wenyeji, wengine wakijitambulisha hata kama Waha, watu wasiopenda kuitwa wakimbizi kabisa.

Umeona hapo? Makazini, historia ndiyo iliyokuwa nguo yetu. Mjini, historia ilivuliwa mlangoni. Na wote wawili walikuwa na sababu. Aliyeficha mjini alitaka kupanga chumba na kufanya biashara bila kunyooshewa kidole. Aliyesimulia makazini aliogopa watoto wake wasahau waliokufa. Mimi siwalaumu. Lakini nasema, yote mawili yana kasoro.

Anayeficha, mtoto wake ataokota habari barabarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayesimulia kwa hotuba, je? Huyo kasoro yake ngoja niwape kwa kisa, maana ilinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1996. Burundi ilikuwa vitani tena. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba 1993, na baada ya hapo Watutsi wakauawa, Wahutu wakauawa, wakimbizi wapya wakamiminika Kigoma. Mimi nilikuwa na kibali changu mfukoni, nimepanda treni kwenda Tabora, daraja la tatu. Mbele yangu aliketi kijana wa rika langu. Tukagawana karanga. Akanisikia nikisalimiana na mama mmoja kwa Kirundi, naye akaingia kwa Kirundi hicho hicho. Kumbe alikuwa Mtutsi aliyelelewa Tanzania.

Usiku, karibu na Mto Ugalla, watu wamelala juu ya mizigo, akaniuliza taratibu: "Kaka, baba yangu mdogo aliuawa Rumonge siku ile ya kwanza. Alikuwa mvuvi. Ninyi, huko Katumba, siku hiyo mnaisimuliaje?"

Wasikilizaji, nilifungua kinywa, na maneno hayakutoka. Na si kwamba sikuijua historia. Niliijua yote! Ningeweza kuanza na Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore aliyeuawa mwaka 1961, nikaja uhuru wa mwaka 1962, nikaja malori ya jeshi, orodha za majina, walimu waliofungwa kamba. Niliikariri. Lakini siku aliyoiuliza haikuwamo. Katika simulizi yetu ya motoni, mambo ya mwaka 1972 yalianza pale malori yalipofika. Kabla ya malori, palikuwa kimya.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Na kwa Warundi ngoma si kitu kidogo. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma inayopigwa, na ingoma ni ufalme, ni utawala pia. Kila aliyeiwamba alivuta ngozi upande wake. Sisi tulivuta kwetu, na wale wa upande wa pili nao walivuta kwao, wakiisimulia siku ile ya kwanza na kuiruka miezi iliyofuata. Ngozi ikivutwa hivyo pande mbili hupasuka, na ngoma iliyopasuka haina mlio.

Niliporudi Katumba nilimwuliza baba. Nilimwuliza mchana, tukiwa wawili tu, tunapukuchua mahindi. Hakujibu. Siku tatu hakujibu. Siku ya nne akasema, bila kuniangalia:

"Tulikuwa na jirani Mtutsi. Alikuwa na ng'ombe wawili. Dada yako alipozaliwa, mama yako hana maziwa, yule mtu alituletea kibuyu kila asubuhi. Jumamosi ile usiku walipita vijana na mapanga. Nilisikia sauti zao kwake. Nilimsikia na yeye. Sikutoka nje."

Akapukuchua gunzi zima kabla hajaendelea.

"Baada ya wiki mbili wakaja askari. Wakamchukua kaka yangu, alikuwa mwalimu. Hakurudi. Ndipo tukashuka ziwani. Haya ya pili nimewaambia kila siku. Ya kwanza sikuwaambia, kwa sababu nikiyasema, watu watasema ya pili tulistahili."

Ndugu msikilizaji, katika sentensi ile ya mwisho ndimo yalimokuwa maisha yote ya baba yangu. Alijiona yuko mahakamani. Kila aliyemwuliza alikuwa hakimu, na yeye alikuwa akilitetea kabila zima. Na wakili hasemi linaloumiza upande wake.

Lakini nani alimteua kuwa wakili? Na ni kweli kwamba la kwanza likisemwa, la pili linahalalika? Hapana. Mvuvi wa Rumonge hakuua mtu. Mwalimu, kaka yake baba, hakuua mtu. Kifo cha mvuvi hakihalalishi kifo cha mwalimu, na kifo cha mwalimu hakifuti kifo cha mvuvi. Mizani hii si ya sukari, kwamba ukiongeza huku unapunguza kule.

Basi narudia neno langu: usijibu kama wakili, jibu kama shahidi.

Sasa la tatu, na hili ni la kutumia kesho asubuhi. Shahidi anafanya nini? Anafanya mambo manne. Anasema alichokiona. Kama hakuona, anasema aliambiwa na nani. Haruki kipande kwa sababu kinamtia aibu. Na akifika mwisho wa anachokijua, anasimama. Hayo tu.

Mfano. Umeulizwa sokoni, "Ninyi mlikimbia kwa sababu gani?" Wakili atasema, "Sisi tulionewa tangu enzi za wafalme," na utasikia mpaka mboga zinyauke. Shahidi atasema, "Mimi sikuwepo, nilizaliwa hapa. Baba aliniambia kaka yake alichukuliwa na askari, na kabla ya hapo jirani yao aliuawa na waasi. Hayo ndiyo ninayoyajua." Ni dakika moja, na aliyeuliza amepata kitu cha kushika.

Najua yupo anayewaza: mbona jambo hili unambebesha mtu mnyonge, na serikali na wakubwa je? Ni haki kuuliza. Nchi haijibu kama mtu binafsi. Mnakumbuka Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akakutana na kizazi cha Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani, akaomba msamaha. Vita vya Maji Maji vilikuwa vya mwaka 1905 hadi 1907, yeye hakuwa amezaliwa. Kwa nini aombe msamaha? Kwa sababu aliongea kwa niaba ya dola, na dola haifi wala haibadilishwi na kizazi. Dola ndiyo inayoweza kuitwa mshtakiwa. Lakini kijana wa Kijerumani anayekuja Katavi kutazama viboko, ukimkuta hapo Mpanda akinunua ndizi, huyo si mshtakiwa. Mwulize walimsimulia nini nyumbani kwao. Vivyo hivyo binti yangu. Burundi kama nchi ina kazi yake. Mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya jitihada za Mwalimu Nyerere na kisha Nelson Mandela. Tume ya ukweli na maridhiano iliundwa mwaka 2014, na mwaka 2020 ilifukua makaburi ya pamoja mkoani Karuzi, karibu na Mto Ruvubu, ikakuta mifupa ya maelfu ya watu. Hata huko wapo waliouliza, mbona makaburi ya 72 yanatangulia, na ya wengine lini? Ngoma inavutwa bado. Hiyo ni kazi ya nchi. Mtoto wa kidato cha pili asibebeshwe.

Nimesema na anayejibu. Sasa niseme na anayeuliza, maana mazungumzo ni ya watu wawili.

Ndugu yangu Mbende, Mkonongo, Mpimbwe, Mfipa, Msukuma uliyehamia na ng'ombe zako: uliza. Tafadhali uliza. Kuuliza si ujinga, na kutoulizwa kabisa nako kunauma, ni kama jirani anayepita bila kupiga hodi. Ila angalia unavyouliza. Usianze na "ninyi". "Ninyi mliua?" ni hukumu iliyovaa nguo ya swali. Sema, "Nyumbani kwenu walikusimulia nini?" Umeona swali linavyopata mlango?

Na chagua mahali. Usilete habari za mwaka 1972 kilabuni watu wameshakunywa, wala siku mnagombania mpaka wa shamba. Siku hiyo hutafuti historia, unatafuta fimbo. Na usisahau, hata wewe una vita nyumbani. Wapo wazee mkoani humu waliokwenda vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Wajukuu zao wamewahi kuwauliza walichokiona? Wengi hawajawauliza. Wanajua nyimbo, hawajui usiku wa babu.

Walimu nao niwaombe jambo moja. Mwanafunzi akiulizwa swali la namna ile darasani, usimwambie mwulizaji "kaa chini, nyamaza" ukadhani umemlinda aliyeulizwa. Umelihamishia swali uwanjani, na huko halina mwalimu.

Namalizia sasa, wasikilizaji wangu. Mnataka kujua nilimfanyaje binti yangu.

Jumapili iliyofuata nilizima redio. Nikamketisha, na mama yake, na bibi yake. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: jirani mwenye ng'ombe wawili, kibuyu cha maziwa, mapanga, baba kutotoka nje, kisha askari, kaka yake mwalimu, mtumbwi. Sikuongeza na sikuruka. Mama yangu mzazi alilia kidogo, akasema ndivyo ilivyokuwa. Binti alisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, "Basi mwenzako akikuuliza tena, mwambie haya, na mwambie zaidi ya hapa hujui."

Nikadhani nimemaliza. Akaniuliza, "Baba, yule jirani aliitwa nani?"

Wasikilizaji, sikuwa na jibu. Jina la kaka yake baba nalijua, ndilo nililopewa mimi. Jina la Micombero nalijua. Lakini mtu aliyemnywesha dada yangu maziwa, miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza jina lake. Nikamgeukia mama. Naye akasema walikuwa wakimwita kwa jina la ng'ombe wake tu, kwa utani, na la kwake limempotea.

Jioni ile tukampigia simu shangazi, aliyerudi Burundi mwaka 2008, anaishi si mbali na Rumonge. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akalitaja jina, na jina la mkewe, na majina ya watoto wawili. Binti yangu akayaandika kwenye daftari lake, ukurasa mmoja na jina la babu yake mdogo, mwalimu.

Mimi sitayataja hewani. Huenda mmoja wa watoto wale yuko hai mahali fulani, na hajaniruhusu. Lakini wewe unayenisikiliza, iwe Mishamo, Katumba au Mpanda mjini, kama kuna mzee hapo nyumbani, msogelee usiku huu kabla hajalala. Usimwulize nani alianza. Mwulize jina la jirani.